Nilimtaja Mama kwa Wakala wa Bima

Kaskazini mwa Marekani,
Mwezi wa Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Nikiandika neno hilo najaribu kuisikia marahaba yako, ile ndefu ya kuvuta, unayoitoa ukiwa umeinama juu ya gurudumu la baiskeli ya mteja bila kuinua kichwa. Hujambo? Mama Saidi hajambo? Na mdogo wangu Saidi, kazi yake ya kupima tumbaku kwenye chama cha ushirika anaipenda, au bado analalamika kuwa inamkereketa koo? Mvua imeshagonga mabati ya mtaa wetu wa Kanyenye, au vumbi bado linatawala? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naswali. Nakuambia mapema ili usisome kwa hofu, maana ndani ya barua hii mna habari za hospitali. Nakuomba uisome mwenyewe, ukiwa umefunga kazi na umeingia ndani. Usiisome barazani mbele ya wateja.

Najua nimechelewa kuandika. Zile kadi mbili zenye picha za majengo marefu nilizituma ili mjue nimefika tu. Kila nilipotaka kuandika barua ya kweli nilijikuta sina la kusema ambalo lisingewaumiza, nikaiacha kalamu. Leo nimeamua niseme yote.

Mji wenyewe ni mzuri, Baba. Ni msafi, una miti mingi kuliko nilivyodhani, ila sasa majani yote yameanguka na miti imebaki kama fito. Baridi yake siwezi kukueleza ukaelewa. Lakini baridi nimeizoea. Nisichokizoea ni kutosalimiwa. Kwetu, mtu akitoka nyumbani kwenda sokoni anaamkia na kuitikia mpaka mdomo unachoka, na akimpita mzee kimya habari zinafika nyumbani kabla yake. Hapa naweza kutoka bwenini, nikaenda maktaba, nikashinda huko, nikarudi, na sauti yangu nisiisikie mara moja. Siku moja nilijisemesha peke yangu chumbani, "Mwangaluka, Zainabu," kwa Kinyamwezi kama Shangazi anavyotuamsha kule Sikonge, ili nisikie tu jina langu likitamkwa vizuri. Nilicheka, halafu nikalia kidogo.

Sasa nikueleze mambo ya bima. Wewe unaijua bima ya magari. Unakumbuka lile lori la yule mfanyabiashara wa jirani lilipopinduka njia ya Sikonge na asali yote ikamwagika, watu wa bima wakaja kuuliza maswali. Huku hata mwili wa mtu hukatiwa bima. Hospitali za huku si kama zetu, kwamba unaingia na homa yako unatibiwa. Mtu asiye na bima akilazwa, deni lake huenda likamfuata mpaka kaburini. Kwa hiyo chuo kikaweka sharti: mwanafunzi wa kigeni asiyekuwa na bima ya afya haandikishwi. Serikali yetu ilinilipia nauli, masomo na chakula, na yule ndugu wa Wizarani aliyetuaga uwanja wa ndege alisema kila kitu kimetimia. Hili la bima hakuna aliyelijua. Nikafika hapa na shahada yangu ya sheria kutoka Dar es Salaam mkononi, nikaambiwa bado mimi si mwanafunzi. Nisipoleta bima kabla ya mwisho wa mwezi ule, wangewaandikia Wizarani wanirudishe.

Nikaelekezwa kwa wakala wa bima, mtaa wa pili kutoka chuoni. Ni mzee mpole, mwenye tai nyekundu na mikono minene kama ya muuza nyama. Alinikaribisha kiti, akachukua fomu, akaanza kuniuliza huku akiandika. Jina. Umri. Nimeolewa au la. Nimezaliwa wapi. Nikamwambia Tabora. Hakujua ni wapi, nikamweleza kuwa ni mji wa kati, reli inapogawanyika kwenda Kigoma na kwenda Mwanza, na kabla ya reli misafara ya kutoka pwani ilipumzika hapo. Alifurahi, akasema angependa kuona reli hiyo. Mpaka hapo tulikuwa marafiki.

Kisha akauliza, "Wazazi wako wako hai?"

"Baba yuko hai. Mama alifariki nikiwa mdogo."

"Pole. Alifariki kwa ugonjwa gani?"

Baba, niliitazama kalamu yake. Niliitazama mpaka yule mzee akainua macho. Unajua nyumbani kwetu tumejibu vipi swali hilo miaka yote. Homa. Tukiulizwa na majirani, homa. Tukiulizwa na walimu, homa. Hata Saidi, ambaye hakumkuta, anajua kuwa mama yake mkubwa alikufa kwa homa. Na mimi nilipopelekwa hospitali ya misheni mwaka uliofuata na kukaa huko mpaka nywele zikakatwa na kuota tena, watu waliambiwa nimekwenda kusoma kwa Shangazi.

Mzee wa bima akadhani sijui. Akaniambia kwa upole, "Kama hukumbuki, tuandike kuwa haijulikani. Watu wengi kutoka mbali wanajibu hivyo, wala hakuna atakayekuuliza tena."

Mlango ule aliufungua yeye mwenyewe, Baba, nami ningeweza kupita. Kama mwanasheria nilijua mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa anayekatiwa. Ukificha jambo, siku ya shida wanalichimbua na bima yote inakuwa karatasi tupu. Lakini nisikudanganye kwamba niliwaza sheria. Nilimwaza Mama. Niliona kile kikombe chake cha bati kilichokaa peke yake dirishani, na jinsi alivyokuwa akigeuza uso ukutani akikohoa ili asitupulizie. Nikaona kwamba hapa, mahali ambapo hakuna anayemjua, naambiwa nimwandikie neno "haijulikani".

Nikasema, "Inajulikana. Alikufa kwa kifua kikuu. Anaitwa Tatu binti Juma. Na mimi niliugua ugonjwa huohuo, nikachomwa sindano miezi mingi, nikapona."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka katika maisha yangu. Nililitamka kwa Kiingereza, kwa mtu mwenye tai nyekundu.

Kalamu yake ilisimama. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki umdhanie hivyo. Alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuweka mguu. Akasema asante kwa kusema kweli, na kwamba sasa fomu haiwezi kuendelea mpaka nipigwe picha ya kifua, na kwamba ni wajibu wake kukiarifu chuo.

Nilipofika bwenini jioni habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nilikuwa nakaa na msichana mmoja anaitwa Betty, mcheshi, aliyenifundisha kuvaa soksi mbili na kunisahihisha ninavyotamka majina ya mitaa. Nilimkuta anapanga nguo zake kwenye sanduku. Alikuwa ameshika leso puani. Alipoona aibu, akaitoa, kisha akairudisha.

"Si kwa ubaya, Zainabu," akasema. "Mama yangu amepiga simu. Amesema nitoke."

"Mimi nilipona nikiwa mtoto, Betty."

"Najua. Nimemwambia." Akafunga sanduku. "Lakini hukuniambia mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Akatoka, na mlango akaufunga taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kuanzia hapo nilikaa kungoja. Zahanati ya chuo ilinipa zamu ya picha, na mpaka majibu yatoke niliambiwa nisiingie darasani wala kwenye chumba cha chakula. Chakula kililetwa kwenye sinia na kuwekwa sakafuni nje ya mlango wangu. Aliyekileta aligonga, na nilipofungua nilikuta sinia tu na kusikia viatu vikiondoka. Wasichana wa ghorofa yangu walianza kutumia bafu la ghorofa ya chini. Hakuna aliyenitukana. Ningetamani angekuwepo mmoja wa kunitukana, nimjibu, tugombane, tukae chini. Walikuwa na adabu tu, na adabu yao ilinipita kama upepo.

Nilikaa dirishani nikiwaangalia wenzangu wakivuka uwanja asubuhi na vitabu vyao. Nikamkumbuka babu yako, yule uliyetusimulia, aliyebeba pembe za ndovu kutoka kwetu Unyanyembe kwenda pwani. Ulituambia mpagazi akishikwa na ugonjwa njiani msafara haukuweza kumngoja. Mzigo wake uligawiwa wenzake, naye akaachwa kwenye kijiji asichokijua, akisikiliza ngoma ikizidi kwenda mbali. Nilipokuwa mtoto nilikuwa namhurumia yule mpagazi mwingine wa hadithi zako, aliyeuawa na simba. Sasa namhurumia yule aliyelala kwenye kibanda cha watu akisikiliza ngoma.

Jambo jingine lilinijia dirishani pale, nalo ndilo lililonifanya niione siri yetu kwa jicho jingine. Wewe hukuficha kwa sababu ya aibu. Niliwahi kudhani hivyo, nikiwa msichana, nikakasirika kimyakimya. Lakini nilipoliona sinia lile sakafuni ndipo nilipokuelewa. Ulijua watu wangeacha kuleta baiskeli zao, wangewakataza watoto wao kucheza nami, na hakuna ambaye angenichumbia. Ulitaka watu waendelee kuingia kwetu. Na waliingia. Nilikua katikati ya watu, nikala na watu sinia moja, kwa sababu wewe ulibeba jambo lile peke yako. Sikuwahi kukushukuru. Asante, Baba.

Siku ya picha nilikwenda zahanati. Daktari ni mama wa makamo, mfupi, anayezungumza kwa ukali kama Shangazi akiwa na haraka. Alinitazama, akanigonga mgongo kwa vidole, akanisikiliza kifua. Hakuvaa kitambaa usoni. Aliponishika bega kunigeuza, nikagundua kuwa tangu siku ile ya wakala hakuna mkono wa mtu ulionigusa. Machozi yakanitoka, naye hakuuliza kwa nini. Alingoja tu yaishe.

Majibu yalipotoka aliniita mwenyewe. Akaipachika picha kwenye kioo chenye taa. Baba, niliona mbavu zangu, na juu upande wa kulia doa jeupe, kama chembe ya chokaa.

"Ni kovu," akasema. "Kavu kabisa. Huna ugonjwa, na humwambukizi mtu. Waliokutibu walifanya kazi nzuri." Akakaa. "Mama yako alikufa kwa ugonjwa huo?"

"Ndiyo."

"Nyumbani mlikuwa nani na nani?"

"Mimi na Baba."

"Na baba yako alipigwa picha?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema kweli. "Nadhani hapana."

Hakunilaumu wala hakukulaumu. Alisema tu kwamba ugonjwa huu una subira. Unaweza kulala ndani ya mtu miaka na miaka, mtu analima, anaoa, anazaa, halafu akianza kuzeeka na nguvu zikipungua, unaamka. Akasema, "Mwandikie." Nikaitikia, kisha nikarudi bwenini na sikuandika. Niliogopa. Nilijiambia nimalize kwanza mambo ya bima.

Na bima niliipata, ingawa nayo ilitaka mapambano. Wakala aliniletea mkataba akifurahi, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Nikausoma wote, naye akawa anaangalia saa. Mwishoni kulikuwa na maneno kwamba kampuni haitalipia ugonjwa wowote wa kifua, mapafu au njia ya hewa.

Nikamuuliza, "Nikipata mafua je?"

"Mafua?"

"Mafua ni ugonjwa wa njia ya hewa. Na baridi yenu hii. Kwa maneno haya mmenikatia bima ya miguu na mikono."

Akavua miwani, akasoma tena. Akacheka kidogo. "Unasomea nini vile?"

"Sheria."

"Ningejua ningekuuliza mapema." Akachukua simu, akaongea na wakubwa wake muda mrefu, mimi nimekaa. Mwishowe walikubali kuandika kwamba wasichokilipia ni kifua kikuu peke yake, na kwa mwaka huu wa kwanza tu. Nikatia sahihi. Kabla sijaondoka aliniambia kuna sehemu moja imebaki wazi: mtu wa hapa mjini wa kuarifiwa nikilazwa au nikifa. Nikampa jina lako. Akasema Tanzania ni mbali, anataka mtu ambaye simu itamfikia. Nilikaa nikifikiri. Nilifikiri kwa bidii kama aliyeko kwenye mtihani, nikipita uso mmoja mmoja wa mji huu. Nikamwambia aiache hivyo hivyo.

Sasa mimi ni mwanafunzi kamili. Naingia darasani, naandika, mwalimu wetu wa mikataba ananiuliza maswali kama wengine, na kwa kuwa nilikuwa nasoma kitabu peke yangu siku zile za dirishani, wakati mwingine najua jibu kabla ya wao. Sinia halikai tena sakafuni. Betty tukikutana ananisalimia kwa furaha, ila hajarudi chumbani, na kitanda chake kimebaki na godoro tupu. Kwenye chumba cha chakula nikikaa, meza hujaa polepole kuanzia mwisho mwingine. Sisemi wananichukia. Wamezoea tu kunipisha.

Ningeishia hapo, Baba, kama isingekuja barua ya Saidi. Nisikilize vizuri. Saidi hakukusudia kusema vibaya. Aliniandikia habari za mpira na za bei ya tumbaku, na katikati akaandika, kama jambo la kuchekesha, kwamba umepungua mpaka unafunga suruali kwa kamba ya mpira wa baiskeli, kwamba unakohoa alfajiri na kusema ni gundi ya kuzibia matairi, na kwamba Mama Saidi anaanika shuka lako kila asubuhi kwa sababu ya jasho. Yeye anacheka kwa sababu hajui. Hakumwona Mama. Mimi nilimwona. Na wewe ulimwona kuliko mimi.

Kwa hiyo nadhani unajua. Nadhani umekwisha kujua siku nyingi, na umeamua kubeba tena peke yako ili watu waendelee kuingia.

Nakuomba usifanye hivyo. Wakati wa Mama dawa zilikuwa hazijafika Tabora, alikohoa mpaka akaisha na hakukuwa na la kufanya. Mimi mwaka mmoja tu baadaye zilinikuta, ndiyo maana leo nakuandikia. Siku hizi ni nyingi, na watu wanapona. Kwetu hakuna atakayekuuliza bima, wala mama yako alikufa kwa nini, wala kukuwekea chakula mlangoni. Utaingia hospitali ya Serikali kama raia yeyote. Shangazi ameandika kuwa hata kijiji chao kipya cha ujamaa kimejengewa zahanati. Nenda ukapigwe picha. Usiende peke yako, nenda na Mama Saidi, na umwambie kweli kabla hamjatoka nyumbani. Yeye na Saidi nao wapigwe. Najua unachoogopa. Wateja wengine watapeleka baiskeli kwa fundi wa ng'ambo ya reli. Waache waende. Nimekaa upande ule wa mlango, nimeona ulivyo, na nakuambia mtu anaweza kukaa hapo na akaishi. Asichoweza ni kukohoa peke yake gizani akisema ni gundi.

Nisamehe kama nimekosa adabu. Hujawahi kusikia nikikuambia la kufanya, na nisingeweza kulisema nikiwa mbele yako. Labda ndiyo faida pekee ya umbali huu.

Nisalimie Mama Saidi, mke wako na mama yangu aliyenilea bila kunibagua. Mwambie shuka zile asizianike tena kimya. Nisalimie Saidi, nimemnunulia soksi za sufu ambazo Tabora hatazivaa kamwe. Nisalimie Shangazi wa Sikonge, mwambie asali yake niliipitisha forodhani na bado imebaki kidogo chini kabisa ndani ya chupa. Nisalimie Maalimu aliyenifundisha Kurani, na yule mama jirani anayepika vitumbua asubuhi, ambaye hutupitishia viwili vitatu dirishani bila kuombwa. Na siku ukienda makaburini, nisalimie Mama. Mwambie nimemtaja.

Nitaihesabu barua yako kuwa imefika siku nitakapouona mwandiko wako, si wa Saidi. Usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie walichokuambia.

Ni mimi, binti yako,

Zainabu